Nishushe Sauti Mpaka Noti Gani?

Jengo la 3, mlango 402,
Majengo ya Midorigaoka,
Hamamatsu.
14 Novemba

Kwa Ndugu Oba Nobuyoshi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wakaaji.

YAH: KUOMBA NITAJIWE KWA MAANDISHI NOTI AMBAYO NIKIIFIKIA MTARIDHIKA

Ndugu Mwenyekiti,

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini kichwa cha mwandishi kinauma, kwa hiyo nitaeleza tena polepole. Habari za upepo? Huku ghorofa ya nne umevuma tangu juzi mpaka soksi zangu zimehamia kwa jirani wa 401, akazirudisha zikiwa zimekunjwa vizuri kuliko zinavyokunjwa kwangu. Natumaini ninyi wa chini hamjambo na kwamba goti la mkeo limepata nafuu.

Naandika kwa heshima, kwa kalamu ya wino, baada ya kunywa chai, ili mtu asije akasema Kageyama kaandika kwa hasira. Hasira ninayo. Nimeiacha kwenye kabati.

Jumapili ya tarehe 24 Kamati itapiga kura juu ya kifungu kipya kinachosema: "Vyombo vya muziki vya noti za chini haviruhusiwi ndani ya majengo." Nimefanya uchunguzi. Katika majengo yetu yote sita kuna piano mbili, filimbi moja, na fidla ya mlango 105 ambayo leo sitaizungumzia kwa sababu nimeahidi kuwa mstaarabu. Chombo cha noti za chini kipo kimoja tu, nacho ni gitaa langu la besi. Kifungu hicho basi kina jina langu, mmesahau tu kuliandika.

Kikipita, gitaa linatoka nyumbani kwangu. Likitoka, wimbo mmoja ambao wenzangu wanaungoja kwa miezi kumi na minne unabaki bila besi, na wimbo bila besi ni tambi bila mchuzi. Unaweza kuzila, lakini utajiuliza umekosea wapi maishani.

Unanijua. Nimechonga shingo za magitaa kiwandani miaka thelathini na sita mpaka nikastaafu. Wastaafu wanne tuna bendi yetu, Chai ya Saa Tisa, tumeiita hivyo kwa kumbukumbu ya kengele ya mapumziko. Siku hizi hatukutani. Kila mmoja anajirekodi nyumbani kwake, anamtumia Terada, mpiga ngoma wetu, naye anaunganisha. Wenzangu wamemaliza zamani. Mimi bado, kwa sababu sauti haijakaa. Terada kila akipiga simu swali ni lilelile: "Kageyama, unarekodi besi au unachachusha miso?" Namwambia vyote viwili vinataka muda. Wiki iliyopita hakucheka. Alisema Krismasi ikifika bila besi atauacha wimbo ulivyo. Basi ndiyo hali.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu neno "shusha". Mwezi wa Juni lile jalada la matangazo linalozunguka mlango kwa mlango lilifika kwetu. Nilitaka kugonga muhuri bila kusoma na kulisogeza mbele, kama tufanyavyo sote, wewe ukiwemo. Safari hii palikuwa na kikaratasi kimebanwa, kimetoka kwenye sanduku la maoni, hakina jina. Kinasema: "Mlango 402, mchana kuna sauti nzito inavuma. Tafadhali shusha sauti."

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtu wa kutii. Uzi mnene wa besi kikawaida hukazwa kwenye noti ya mi. Siku ileile nililegeza kigingi nikaushusha mpaka re. Nilijisikia raia mwema. Agosti kikaja kikaratasi cha pili: "402, bado. Sauti imezidi. Shusha tena." Nikashuka mpaka do. Oktoba cha tatu: "402, sasa inatisha. Shusha." Hapo nikaagiza uzi mnene kama kamba ya kufungia mizigo, nikapanua njia yake kwa tupa, nikashuka mpaka la ya chini kabisa, ambayo kwa gitaa si noti tena, ni habari mbaya. Uzi umelegea unagonga mti. Chini ya hapo ni sakafu, na chini ya sakafu ni Bibi Nakagoshi.

Sasa nasikia minong'ono kwenye ngazi kwamba Kageyama ni mkaidi. Mkaidi vipi? Nimeshusha mara tatu. Kama mlitaka kingine mngeandika "punguza". Punguza ni neno, lipo, tunalitumia kwa chumvi, kwa mwendo wa gari, kwa bia. Kupunguza ni habari ya wingi, kushusha ni habari ya kimo. Mtu aliyefanya kazi ya vipimo miaka thelathini na sita hawezi kuambiwa "shusha" akapunguza. Angefukuzwa kazi.

Tena naomba Kamati itambue nguvu ya kitu inachocheza nacho. Mimi hupiga ndani ya kabati la ukutani la kuhifadhia magodoro mchana, mlango umefungwa, hedifoni ziko masikioni, waya wa gitaa umeingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Amplifaya imefunikwa shuka tangu mwaka jana. Hakuna spika. Lakini bado mnalalamika, maana yake noti za chini hazihitaji spika. Zinapita kwenye kiti, zinaingia kwenye zege, zinashuka. Tarehe 9 Oktoba, dakika chache baada ya kuifikia hiyo la, vikombe vyote vilitikisika kabatini jikoni. Mke wangu, Mama Mizuho, alisema ni tetemeko. Runinga nayo ikasema ni tetemeko, kiwango cha pili, kitovu baharini. Sibishani na runinga. Nasema tu kwamba runinga haikuwepo chumbani.

2. Kuhusu Bibi Nakagoshi wa 302. Namheshimu, ana miaka themanini na moja na ngazi anazipanda kuliko mimi. Lakini kila asubuhi saa nne anaanika magodoro barazani na kuyapiga kwa lile kafi lake, na hajui mwendo. Anaanza vizuri, pa, pa, pa, halafu anasimama kuongea na paka, halafu anarudi kwa kasi ya mtu aliyekumbuka deni la zamani. Wimbo wetu ni mapigo themanini na manne kwa dakika. Nilimwachia mlangoni kifaa changu cha kupimia mwendo, nimekifunga kwa kitambaa kizuri. Kesho yake alikirudisha. "Ahsante, mwanangu," aliniambia, "lakini saa yako haionyeshi wakati. Inapiga kelele tu. Ipeleke kwa fundi."

Kuna na jambo baya zaidi. Mwezi uliopita alinijia na bakuli la uji wa wali na chenza sita. Akanishika mkono. "Bwana Kageyama, pole sana. Usijikaze mbele ya mkeo. Kaka yangu naye ilianza hivihivi, alasiri, kwenye kifua." Mimi sijaumwa tangu nilipong'oa jino mwaka juzi. Nimetafakari na nimeelewa kwamba hiyo ndiyo namna ya watu wa rika lake kumwambia mtu kwamba sauti ya besi yake haina uhai. Dhihaka ikiletwa na chenza bado ni dhihaka. Nilizila zote sita kwa uchungu.

3. Kuhusu ule wimbo wa saa kumi na moja jioni unaotoka kwenye spika ya nguzoni kuwaambia watoto warudi nyumbani. Una nia njema. Ila ufunguo wake umepishana na wetu nusu noti, na kila siku unaniingilia nikiwa ndiyo kwanza vidole vimepata moto. Naomba Kamati iwaandikie wahusika uteremshwe nusu noti. Watoto watarudi tu, wao wanarudi kwa ajili ya chakula.

4. Kuhusu nyuzi. Hapa naomba ukae chini, Ndugu Mwenyekiti, kwa sababu mimi mwenyewe nimekaa.

Wapiga besi wana madhehebu mawili. Wapo wanaobadilisha nyuzi kila mara, wanapenda mlio wa vijiko. Na wapo wenye akili, ambao huziacha nyuzi zizeeke. Uzi mpya unapiga kelele kama mfanyakazi mpya. Uzi mzee unasema neno moja na watu wanageuka. Zangu zilikuwa na miaka kumi na moja. Sikuwahi kuzifuta. Na kila nilipokaribia kupiga nilihakikisha nimekula kwanza gyoza za pale kona, vile vitumbua vya nyama vya kukaanga, na mikono sikuosha, nilipangusa kwa suruali tu. Mafuta, jasho, vumbi la kabati, miaka kumi na moja, safu juu ya safu. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, nyeusi, na laini kwenye ukingo. Kwa kweli niliipenda sauti hiyo kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu.

Mwezi wa Machi nilikwenda kupima macho. Niliporudi nyumba ilinukia spiriti. Mama Mizuho alikuwa amefanya usafi wa kuaga baridi. Amefuta meza, amefuta swichi za taa, na amefuta nyuzi zangu, zote nne, juu na chini, kwa kile kitambaa cha kuulia wadudu. "Zilikuwa zinanata," aliniambia. Alisema kwa furaha, kama mtu aliyenifanyia hisani. Nilikaa kwenye ukingo wa kabati. Nilipopiga, kulitoka mlio wa vijiko.

Naongeza hapa kwa haki, maana barua hii itahifadhiwa kwenye faili: koili za gitaa hilo, yaani nyaya nyembamba zinazozungushiwa sumaku ili zinase mtetemo, zilisukwa kwa mkono na mfanyakazi wa mstari wa tatu kiwandani kwetu, mwaka ule kabla sijaoa. Hakuna mashine iliyosuka vile. Alikuwa akihesabu mizunguko kwa midomo, elfu kadhaa, bila kukosea, na mimi nilikuwa nikipitia pale na shingo ya gitaa begani bila sababu yoyote ya kikazi. Mfanyakazi huyo ni Mama Mizuho. Kwa hiyo anajua anachokifuta. Ndiyo maana iliniuma.

5. Kuhusu sponji. Ukikata kipande cha sponji ukakichomeka chini ya nyuzi karibu na mkono wa kulia, noti inazimika upesi na kwa adabu, inakuwa fupi na ya mviringo. Ni ujanja wa zamani na unafanya kazi. Sponji bora kuliko zote ni ya jikoni, ile ya njano yenye mgongo wa kijani, ikiwa imetumika wiki mbili. Nyumbani kwangu sponji hiyo haifikishi wiki mbili, inatupwa. Nimeshaikomboa kwenye taka mara tatu. Mara ya mwisho Mama Mizuho aliniangalia tu, akaingia chumbani. Kwa ujumla hana tatizo lolote na besi yangu. Mara nyingine husimama mlangoni pa kabati akasema jambo, nami nikiwa na hedifoni humwitikia "mm", na maisha yanaendelea.

6. Kuhusu magodoro yenyewe. Kabati halina maana ya kurekodi bila magodoro. Yanameza mwangwi. Nimeyapanga pande tatu na moja juu. Godoro lililoanikwa juani linaumuka na kubadilisha sauti ya kabati zima, kwa hiyo tangu mwaka jana nimeomba yasianikwe. Sisi wawili tunalala kwenye mikeka na mablanketi ya pikiniki. Ni kweli mgongo unauma. Lakini wakaaji wa 301 wamepiga ripoti kwamba balcony ya 402 haina magodoro hata siku za jua, na kwamba inaleta picha mbaya kwa jengo. Naomba Kamati iniambie tangu lini nyumba ya mtu inapimwa kwa magodoro yake.

7. Kuhusu usawa. Mwezi wa Mei, sikukuu ya tiara, mtaa huu huu unapiga matarumbeta na ngoma siku tatu mfululizo mbele ya mlango wa kila aliyezaa mtoto wa kwanza. Wewe mwenyewe ulipuliza tarumbeta masikioni mwa kichanga cha 204, ukiwa umevua shati. Mtoto alilia, bibi yake akalia, tukawekewa bia. Hakuna kikaratasi kilichobanwa kwenye jalada. Ina maana noti za juu hata zikitoboa masikio ni furaha, na noti za chini hata zisiposikika ni kosa. Huo ni ubaguzi wa kimo.

Kwa sababu hizo naiomba Kamati iamue yafuatayo kabla ya kura.

Kwanza, itaje noti. Iandike tu, "Kageyama, fa," nami nitaifuata hata ikinibidi nichimbe.

Pili, Bibi Nakagoshi apige magodoro kwa mapigo themanini na manne kwa dakika, na paka azungumziwe kabla au baada.

Tatu, kila siku kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja wakaaji wote wa Jengo la 3 wazime friji, wavue viatu, na wenye kukohoa wakakohoe Jengo la 5, ambako tayari wanakohoa.

Nne, na hili ndilo la msingi. Nyuzi zangu zimepoteza mafuta ya miaka kumi na moja na mimi nina miaka sitini na mitatu, siwezi kuanza upya peke yangu. Jengo letu lina milango arobaini. Napendekeza zamu, kama ile ya kufagia ngazi. Kila jioni mlango mmoja utakula gyoza, utapanda kwangu bila kunawa, na kila mwanafamilia atazipapasa nyuzi kwa dakika tano. Watoto watangulie, wao wananata kwa asili. Nimepiga hesabu, tukianza Jumatatu tutaikaribia sauti ya zamani kabla ya Mwaka Mpya. Terada nitamwomba aningoje siku hizo chache baada ya Krismasi. Ubao wa zamu nimeshauchora, naambatanisha.

Kamati ikikataa yote haya na kukipitisha kifungu, sitafanya fujo. Nitashuka na gitaa langu mpaka kwenye banda la baiskeli, nitakaa katikati ya baiskeli za watoto na pampu, nitamalizia wimbo hapo kwenye upepo, na mtu akipita akasalimia, nitamwitikia "mm". Lakini moyoni mtajua mmefanya nini.

Nawasalimu wajumbe wote wa Kamati, mweka hazina na kikohozi chake, goti la mkeo, Bibi Nakagoshi na paka, wa 401 na mikono yake ya kukunja soksi, na hata fidla ya 105, ambayo ina bidii. Mama Mizuho naye angewasalimu lakini yuko jikoni na hajui kwamba naandika.

Ni mimi, niliyekwisha kushuka kuliko wote mnaowajua,

Kageyama Shigeo
Mlango 402

N.B. (16 Novemba). Ndugu Mwenyekiti, barua imechelewa siku mbili na sababu ni muhuri. Muhuri wa nyumba hukaa kwenye droo ya Mama Mizuho, na Mama Mizuho hagongi muhuri bila kusoma, tofauti na sisi wengine.

Aliisoma yote akiwa amesimama, aproni kiunoni. Kwenye vikombe alicheka. Sehemu ya koili aliirudia. Halafu akasema, "Baba Mizuho, vikaratasi nimeandika mimi."

Nikamuuliza, "Vyote vitatu?"

"Vinne. Kimoja kiko sandukuni, hawajakifungua."

Kwa hiyo mkikuta cha nne, msikibane. Nilimuuliza kwa nini mtu anamshtaki mumewe kwenye sanduku la maoni. "Nimekuomba kwa mdomo mwaka mzima," alisema. "Unaniitikia 'mm'. Nikaona labda ukigongewa muhuri utasikia."

Nikamwambia basi, angalau nimeshusha. Akasema hapana, gitaa langu halisikiki kabisa. Yeye anayekaa hatua mbili kutoka kwenye kabati husikia tiki, tiki, kama mtu anakata kucha. Kinachovuma ni mimi. Akachukua simu yake akaniwekea kitu alichokirekodi Agosti. Ndugu Mwenyekiti, nilisikia ng'ombe aliyekwama matopeni. Nikamuuliza ni nini hicho, akaniangalia. Kumbe nikivaa hedifoni naufuata wimbo kwa koo, kwa nguvu zangu zote, na nilivyokuwa nikishusha uzi ndivyo na mimi nilivyokuwa nikishuka nao. Kabati nililolijaza magodoro halikumeza kitu. Uji wa Bibi Nakagoshi sasa nauelewa. Nimempelekea maua na kumwambia mimi si mgonjwa, akasema ndivyo wasemavyo wote.

Kisha Mama Mizuho akaingia kabatini. Alitoa magodoro, moja baada ya jingine, akayapeleka barazani kwenye jua. Akaondoa shuka kwenye amplifaya, akachomoa waya wa hedifoni, akakaa kwenye mkeka. "Piga nisikie," alisema. Nikamwambia sauti bado haijakaa, nyuzi zina mlio wa vijiko, sponji ni mpya. Akasema, "Piga hivyohivyo."

Nilirudisha uzi wa kawaida na kuupandisha mpaka mi. Kwa kuwa vifaa vilikuwa vimewashwa niliweka maikrofoni mbele ya amplifaya, nikapiga wimbo wote, mwanzo hadi mwisho. Mama Mizuho hakutikisika. Nilipomaliza nikangoja aseme kuhusu sauti. Alisema, "Kumbe koili zangu bado ziko vizuri." Baadaye kidogo akasema, "Nilijua unapiga. Sikujua ni wimbo."

Jana nilimtumia Terada. Alipiga simu baada ya nusu saa. Alisema besi ndiyo hiyo, tusiiguse tena. Akauliza ni nani huyo anayepiga ngoma kwa mbali, maana mara moja moja anampita yeye, nikamwambia ni Bibi Nakagoshi na magodoro yake. Akauliza jambo la pili: "Halafu kuna ng'ombe. Anaanza kwenye ubeti wa pili, haondoki mpaka mwisho. Nimtoe?"

Kuhusu kura ya Jumapili, pale penye "vyombo vya muziki vya noti za chini" naomba muandike "Kageyama wa 402", nami nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Ubao wa zamu ya gyoza naurudisha kwangu, ingawa gyoza zenyewe mnakaribishwa. Barua hii ningeichana, lakini Mama Mizuho ameshaigonga muhuri na amesema iende ilivyo, na nikiichana atawaandikia yeye.

Simu ya Terada ilikuwa kwenye spika, na Mama Mizuho alikuwa anakunja magodoro. Alijibu kabla yangu. Alisema, "Mwache."